Njia ya Kando ya Choo cha Walimu

Bodi ya shule yetu hukutana katika chumba kilichokuwa maabara. Meza bado ni zile ndefu za saruji, na katikati ya kila meza kuna sinki lisilo na maji, kwa hivyo mjumbe mgeni huweka karatasi zake mara moja tu bila kuangalia. Mimi nimo kwenye bodi kwa sababu kanisa letu ndilo mdhamini wa shule, na mdhamini hupewa kiti. Kazi yangu hasa ni kufungua mkutano kwa sala na kuufunga kwa sala. Katikati nasikiliza. Nimemshukuru Mungu mara nyingi kwa ajili ya mikutano ile. Mzee mwenye afya, aliyepewa mahali pa kukaa na watu wa kubishana mbele yake, hana la kulalamikia.

Shule iko juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka soko la Nyaramba. Bondeni kuna mashamba madogo ya chai. Upande wa juu, ukishaivuka shule, kuna barabara, na kando ya barabara kuna kituo ambapo wakulima hupeleka majani mabichi yapimwe na kupakiwa kwenye lori la kiwanda. Njia ya miguu hutoka bondeni, huingia shuleni kupitia pengo kwenye ua wa miti, hupita kati ya darasa la mwisho na choo cha walimu, kisha hutokea barabarani kwenye lango. Zamani ilikanyagwa na watu wengi. Siku hizi wengi wamejenga upande wa daraja, na wengine hupeleka majani kwa pikipiki. Aliyebaki kuitumia ni mjane mmoja wa rika langu, ambaye goti lake la kushoto limegoma. Akizungukia darajani hukuta lori limeondoka, na majani yaliyolala nyumbani hakuna anayeyapokea kesho yake. Chai hiyo ndiyo chumvi yake, sabuni yake na sadaka yake. Hana shamba jingine.

Mwenyekiti wetu ni daktari wa mifugo aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Ndiyo maana tulishangaa siku alipoleta ajenda ya ua na kuzungumza kwa muda mrefu. Shule ilikuwa imepata fedha kidogo za ukarabati, naye alitaka zinunue seng'enge ya kuziba lile pengo. Alizungumza juu ya usalama wa wanafunzi. Akazungumza juu ya wageni wasiojulikana, wauza bangi, mbuzi wa watu, na magonjwa ya miguu na midomo yanayoletwa na mbuzi wa watu. Mwalimu mkuu, mama mwenye bidii aliyehamishiwa kwetu kutoka Taita, aliandika kila neno, maana yeye ndiye katibu wa bodi.

Mwakilishi wa wazazi aliinua mkono. Huyu ni kijana mwenye pikipiki ya kubeba abiria, na huja mkutanoni na kofia yake ya chuma na kuiweka ndani ya sinki.

"Mwenyekiti, nauliza tu. Hao wageni wanapita saa ngapi? Mimi nikipita hapo naona magokoro mmoja na kikapu."

Mwenyekiti alitazama dari. Sisi wengine tukatazama meza.

"Magokoro ni nani?" akauliza mwalimu mkuu.

"Ni bibi mzee, Mwalimu," nikamwambia.

"Bibi mzee yupi?"

Mwakilishi wa wazazi alichukua kofia yake sinkini akaanza kuifuta vumbi.

"Basi kama kuna mtu anaitumia njia, sheria inataka asikilizwe," akasema mwalimu mkuu. "Ushirikishwaji wa umma. Tutamwita mkutano ujao aje aketi hapa, aeleze mbele ya mwenyekiti."

Aliandika hivyo. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa kupinga kungehitaji sababu, na sababu ilikuwa imeketi mbele yetu ikitazama dari. Yule mjane ni mama wa mke wa mwenyekiti.

Sisi Wagusii tuna jambo tunaloliita chinsoni. Ni adabu ya haya inayowatenga watu fulani, na hasa mtu na mama mkwe wake. Hawapeani mkono. Hali naye meza moja. Akimwona njiani, huacha njia akasimama pembeni kwenye nyasi mpaka mama apite, nao husalimiana kila mmoja akiangalia upande wake. Na jambo lolote la mwili haliwezi kutajwa kati yao, wala kuonekana. Kanisa limetufundisha mengi, nasi tumeyapokea kwa furaha, lakini hili lilikuwapo na limebaki. Nimehubiri mara kadhaa juu ya mama mkwe wa Petro, aliyeponywa homa akainuka na kuwahudumia wageni. Kanisani kwetu muujiza unaowashangaza watu si homa kuondoka. Ni mama mkwe kuwa amelala nyumbani kwa mkwewe.

Kwa hivyo siku ya mkutano uliofuata mama alikuja na kikapu chake, akafika mlangoni, akaona suti ya mwenyekiti, akarudi nyuma. Hakwenda mbali. Aliketi barazani chini ya dirisha, mgongo wake ukiegemea ukuta, uso ukitazama bendera. Mwenyekiti naye aligeuza kiti chake kikatazama ubao. Kati yao kulikuwa na ukuta, dirisha, na mimi, kwani kiti cha mdhamini kiko karibu na dirisha.

"Mbona haingii?" akauliza mwalimu mkuu.

"Amependa hewa ya nje," nikasema. Na ni kweli kwamba alipendelea hewa ya nje.

"Na mwenyekiti, mbona umetupa mgongo?"

"Shingo," akasema mwenyekiti.

Mwalimu mkuu alimwambia kuna mafuta mazuri ya kuchua yanauzwa pale Nyamira, duka la pili baada ya stendi. Mwenyekiti akamshukuru, akiuambia ubao.

Nikafungua dirisha. "Magokoro, bodi inakusikiliza."

"Waambie wenye mkutano nimewasalimu wote," akasema mama kwa sauti iliyofika mpaka bwenini. "Waambie nina miguu miwili, lakini unaofanya kazi ni mmoja. Huo mmoja unajua njia ya shule tu."

"Wamesikia."

"Waambie sina mbuzi. Kama kuna mbuzi aliyeonekana amebeba kikapu cha chai, huyo si mimi."

Mwakilishi wa wazazi alicheka, akaficha uso ndani ya kofia yake.

"Waambie lori halijui kungoja. Nikikosa lori, nakosa chai. Nikikosa chai, watoto wangu watalazimika kunilisha. Na wenye mkutano wanajua watoto wangu wameolewa wapi."

Shingo ya mwenyekiti ilisogea kidogo.

"Mwenyekiti, jibu mama basi," akasema mwakilishi wa wazazi. Alijua hawezi. Kijana yule ana roho nzuri, lakini hupenda kuona mtu akitoka jasho.

"Swali limesikika," akasema mwenyekiti. "Litajibiwa na wajumbe."

"Wajumbe gani? Ajenda ni yako."

"Sasa ni ya wajumbe."

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. Alisema katika shule zote alizofanya kazi hajapata kuona mwenyekiti anayeongea na ubao na mwananchi anayeongea na bendera, na kwamba kama kuna jambo analofichwa aambiwe. Hakufichwa kwa ubaya. Lakini huwezi kueleza chinsoni mbele ya wenye chinsoni, maana kueleza tayari ni kuivunja. Nikapendekeza mdhamini apewe nafasi ya kuzungumza na kila upande kwa utulivu. Pendekezo likapita upesi kuliko pendekezo lolote ninalokumbuka.

Nilianza kwa mwenyekiti, siku ya kwanza ya juma. Mkewe alituletea chai na ndizi za kuchemsha, akaketi karibu na mlango. Nilisali, tukala, nikasema nimekuja kwa habari ya pengo.

"Mzee, niulize mimi kwanza," akasema mkewe. "Mama akikosa chai yake, akashindwa kujikimu pale, atahamia wapi? Ndugu yangu mmoja yuko Mombasa na hapigi simu. Atakuja hapa? Alale chumba kipi?"

Mwenyekiti aliinuka akasema ndizi zake zina ugonjwa na angependa nizione.

Tukaenda migombani. Migomba haikuwa na ugonjwa wowote. Alisimama nyuma ya mmoja wenye majani mapana, akauliza kama nakumbuka mkutano wa muhula uliopita, ule alioondoka kabla haujaisha. Nilikumbuka. Alikuwa ametoka kwa dakika chache asirudi, nasi tukadhani ameitiwa ng'ombe wa mtu. Nilifunga mkutano mimi mwenyewe, nikamwombea safari njema.

"Sikuwa safarini," akasema. "Nilikuwa chooni."

Nikangoja. Subira ni kitu nilichopewa bure na sijawahi kujuta kuitumia.

"Unajua kile choo cha walimu mlango wake unatazama njia. Na unajua kitasa kilivunjika. Nilitoka bado nafunga mshipi. Mzee, alikuwa pale. Na kikapu. Kama kutoka hapa mpaka kwenye huo mgomba."

"Mama?"

Alifunga macho. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

"Alisema kitu?"

"Alisema, 'Bwana asifiwe.'"

"Nawe ukaitikia?"

"Nilirudi ndani."

"Ukakaa?"

"Nilikaa mpaka nikasikia ninyi mmesema amina na pikipiki zimeondoka. Tangu siku hiyo sinywi chai ya mkutano, nisije nikahitaji kutoka. Kila mara nikiketi kwenye kile chumba nawaza saa ngapi atapita. Seng'enge ikiwekwa, hatapita tena. Basi. Si ubaya, Mzee. Siwezi kuwa mwenyekiti wa mahali ambapo mama mkwe wangu ameniona nafunga mshipi."

Kisha akaniuliza kama kuna sala ya jambo kama hilo. Nilimwambia zipo sala za mambo mengi, na tukasali pale pale, bila kutaja choo. Mungu alijua tunazungumzia nini.

Niliporudi nyumbani niliwaza jinsi Musa alivyoketi na mkwewe Yethro, akapewa shauri la namna ya kuamua mashauri ya watu, na Musa akalifuata. Lakini Yethro alikuwa mwanamume, na jangwani hakuna choo chenye mlango.

Kesho yake nilikwenda kwa mama. Nilimkuta akichambua majani, akitupa magumu upande mmoja. Mimi si mkwewe, kwa hivyo niliweza kukaa naye kwenye kigoda na kusema wazi.

"Magokoro, siku ile pale kando ya choo, uliona nini?"

"Niliona mlango."

"Mlango tu?"

"Omogaka, mimi ni mzee kama wewe. Naona milango."

"Ukauambia mlango Bwana asifiwe?"

"Ni choo cha shule ya kanisa," akasema, akaendelea kuchambua.

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye pia hakulala vizuri usiku ule. Alikuwa amejaribu tangu hapo kupita wakati ambao bodi haikutani, lakini bodi hukutana alasiri, na lori huja alasiri, na hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyemwomba ushauri wa saa.

"Yule ni mkwe mzuri," akasema. "Amemtunza binti yangu. Ng'ombe wangu akiumwa huleta dawa, huiacha kwenye jiwe pale nje. Simchukii. Lakini mwambie nikizunguka darajani nitafika wakati karani anafunga mizani. Nilijaribu juzi. Nilirudi na kikapu changu, nikawapa ng'ombe, nao wakakikataa."

Jioni ile, nikinywa uji wa ulezi, niliwaza sana. Mtu mmoja alikuwa karibu kupoteza chakula chake, na aliyekuwa anamnyang'anya hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kumwambia mwenyekiti avumilie lilikuwa jambo rahisi kwangu, maana si mimi niliyekuwa nafunga mshipi. Kuiambia bodi ukweli wote kulimaanisha kuwavua nguo wawili hao mbele ya watu, na maneno hayo yangeingia kwenye kumbukumbu za mkutano, zikasainiwa. Nikaenda shuleni siku isiyo na mkutano, nikakizunguka kile choo. Wanafunzi walinitazama kwa heshima.

Mkutano wa tatu mama alikuja tena akaketi barazani, kikapu kimejaa, maana siku ile alikuwa amechuma. Mwenyekiti akakielekeza kiti ubaoni. Niliomba nafasi.

"Napendekeza mlango wa choo cha walimu uzibwe, ufunguliwe mwingine upande wa pili. Na seng'enge yote iende upande wa barabara, kushoto na kulia kwa lango, ambako mbuzi huingia kweli."

Mwalimu mkuu alinitazama kwa muda.

"Mzee, tunajadili njia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Choo kimeingiaje?"

"Kimo kwenye ukarabati."

"Na upande wa pili ni upande wa dirisha la ofisi yangu. Kila anayeingia na kutoka nitamwona mimi."

"Wewe si mwenyeji wa hapa, Mwalimu," nikasema. "Tunaona wewe utaweza."

Mwakilishi wa wazazi alikuwa ameanza kuelewa. Nilimwona akiitazama shingo ya mwenyekiti, akautazama mlango, akaitazama njia kupitia dirishani, halafu akauma midomo mpaka macho yakatoka machozi. "Naunga mkono," akasema alipoweza kusema. "Mlango wa choo ni usalama. Usalama kabisa."

Lakini mwalimu mkuu hakuwa amekosea. Alisema alihamishwa hapa akakabidhiwa watoto wa watu, na shule yenye pengo ni shule yenye pengo, hata kama leo hupita bibi mzee peke yake. Kesho hujui atapita nani. Hana kura, lakini ana sauti, na wajumbe kadhaa walimfuata. Tulipiga kura kwa kuinua mikono. Ikatoka sawa kwa sawa.

"Mwenyekiti," akasema mwalimu mkuu, "kura ya uamuzi ni yako."

Nje, mama alikohoa. Ndani, mwenyekiti aliuangalia ubao, ambapo mtu alikuwa ameacha mchoro wa moyo wa ng'ombe tangu enzi za maabara. Sijui alichokuwa akifikiri. Ninajua tu kwamba akiukataa mlango, pengo litazibwa na aibu yake itakuwa imekwisha. Na akiukubali, mama mkwe wake ataendelea kupita hapo maisha yake yote, karibu na alipoketi, kila siku ya chai.

"Katibu," akasema hatimaye, "pendekezo linataja mtu yeyote?"

Mwalimu mkuu aliangalia karatasi yake. "Hapana."

"Linataja njia?"

"Hapana. Hilo ndilo linalonishangaza."

"Linataja nini?"

"Mlango, na seng'enge."

"Kitasa je?"

"Kitasa hakijatajwa."

"Kitajwe," akasema mwenyekiti. "Kiwe cha chuma, cha kufungia kwa ndani. Kikishaandikwa, kura yangu ni ndiyo."

Mwalimu mkuu akaandika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeandika lugha asiyoijua lakini anayejua tahajia yake. Baadaye nilimweleza yote, tukiwa wawili tu, naye akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kwao Taita pia kuna mambo, ila hakuniambia ni yapi.

Nilifungua dirisha.

"Omogaka, wamesemaje?" akauliza mama bila kugeuka.

"Wamesema mlango wa choo utageuzwa. Seng'enge itakwenda barabarani."

Alifikiri. "Na mimi?"

"Wewe hukutajwa."

"Wala njia?"

"Wala njia."

"Vizuri," akasema.

Aliinuka kwa kushika ukuta, akainama polepole, akaupitisha mkanda wa kikapu kwenye paji la uso. Huko barabarani lori lilikuwa limepiga honi. Alishuka ngazi za baraza akaelekea njia yake, mguu mmoja ukikanyaga kwa nguvu na mwingine ukifuata. Mwenyekiti hakugeuka, lakini hakusema neno lolote pia, nasi tukanyamaza pamoja naye, kama watu wanaongoja amina. Tulimsikiliza akipita kando ya darasa la mwisho, kando ya choo, mpaka hatua zake zikamezwa na sauti za watu kituoni. Karani alikuwa bado anapima. Nilimsikia akimwita aje mbele.

Ndipo mwenyekiti akauliza mahindi ya chakula cha mchana yamefikia wapi, na mwalimu mkuu akasema yamefikia chini ya gunia.